Vidonge vya Kuvukia Ziwa

Lodwar
11 Machi 2023

Nyakuoth mpenzi,

Ejok? Sisi huku tu wazima, ila jua. Usishtuke kuona karatasi badala ya simu. Simu ya nyumba hii ni moja, na mume wangu Ebenyo hushinda nayo Longech, kule ziwani, siku tano za wiki. Dereva wa lori la unga anayekuletea barua hii hupita Kakuma kila wiki na duka la dawa la Reuben analijua, kwa hiyo jibu lako mpe yeye.

Najua ulisikia habari za mbuzi wetu wa Lopur. Waliisha wote, hata yule beberu mwekundu uliyekuwa ukimwogopa ulipokuja kwetu wakati wa likizo. Baada ya hapo mume wangu alikaa mwaka mzima akitazama ukuta. Mwanamume wa mifugo bila mifugo, Nyakuoth, usiombe umwone. Sasa Mungu ametukumbuka. Ebenyo amepata kazi ya kuendesha boti la shirika moja la afya. Hubeba wauguzi na makasha ya chanjo, wakazunguka vijiji vya kando ya ziwa na vya ng'ambo. Kuendesha alifundishwa na mjomba wake mvuvi kwa miezi michache tu, lakini mkono wake ni mwepesi na wamempenda. Nyumba yetu imeanza kucheka tena.

Shida niliyo nayo ni yangu mimi. Akina mama wa kanisa tumeanza kuvuka kwenda kuwaona wenzetu wa ng'ambo, na ziwa linanilevya. Boti likianza kupanda na kushuka jasho baridi linanitoka, mate yananijaa mdomoni, halafu natapika mpaka nyongo. Wenzangu wananicheka. Wanasema aliyezaliwa nyuma ya mbuzi abaki nyuma ya mbuzi. Hata nikifika nchi kavu, ardhi bado inacheza.

Wewe ndiye uliyesomea dawa. Nitafutie kitu. Na tafadhali usimwambie mtu, naona aibu.

Wako wa dawati moja,
Akuwam


Kakuma
15 Machi 2023

Akuwam,

Male! Nami nakusalimu kwa kikwetu. Nilipoona mwandiko wako niliruka, mpaka Reuben akauliza kama nimeitwa Kanada. Hapa kambini mtu akiruka, watu hudhani ameitwa kuhamia Kanada.

Kwanza nijibu swali moja. Una hakika ni ziwa? Isije ikawa ule ugonjwa unaoisha kwa miezi tisa. Ukiwa na mimba niambie kabla hujameza chochote.

Kama ni ziwa, aibu ya nini? Tulipokimbia kwetu tulibebwa na chombo cha mizigo mtoni, na mimi nilitapikia kanzu ya mjomba mchana kutwa, na sisi ni watu wa mto. Si woga, wala si tumbo bovu. Macho yako yanatazama mbao za boti yanaona zimetulia, masikio kwa ndani yanajua unarushwa. Kichwa kinaletewa habari mbili zinazopingana, hasira zake kinazimalizia tumboni.

Basi kipe kichwa habari moja. Kaa katikati ya boti, chini, ambako halirushi sana, na mbali na injini usije ukavuta moshi wa petroli. Tazama mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, au mlima wa ng'ambo. Usitazame simu, usisome kitabu cha nyimbo. Asubuhi kula kidogo, kitu kikavu. Samaki wa mafuta mwache, lakini tumbo tupu nalo ni baya. Tafuna tangawizi. Ukishatapika, kunywa maji yenye chumvi na sukari, funda moja moja, la sivyo jua la huko litakukausha.

Na hivi hapa vidonge kumi vya prometazini. Meza kimoja saa moja kabla ya kupanda. Ukingoja mpaka uanze kutapika, kitatoka pamoja na chai. Kimoja tu! Vina usingizi mzito, ndivyo vilivyoumbwa, usipigane nao. Jikunyate ulale, utaamka ng'ambo. Si wewe unayeendesha. Wala usimpe mtu mwingine, maana hivi nimekupimia wewe, nikijua uzito wako na ukaidi wako.

Jina lako nimeliandika kwenye bahasha. Unajua hali yangu: cheti nilichopata hapa kambini hakiniruhusu kuuza dawa kwa jina langu, nauza kwa jina la Reuben. Kukitokea kosa, yeye ataulizwa kwanza na mimi nitafukuzwa kwanza. Nakwambia ili uyashike masharti.

Wako,
Nyakuoth


Lodwar
22 Aprili 2023

Dada,

Mungu akubariki wewe na mama yako. Sikutapika hata mara moja. Watu walikuwa wakiniangalia wakingoja niinamie ukingo wa boti, nikakaa kama mlima.

Sasa vimekwisha. Nitumie vingine, ishirini kama inawezekana.

Ila usingizi wake. Unaweza kupunguzwa? Nikimeza kimoja kope zinakuwa nzito kama zimetiwa mchanga, hata baada ya kufika, na akina mama wananitaka niwaanzishie nyimbo. Nimejaribu kahawa ya mkandaa, haikusaidia sana. Je, nusu kidonge kinatosha? Na mtu akimeza kila siku, mwili hauzoei huo usingizi?

Jingine ni la kuuliza tu. Hawa wanaoshika injini, wao hawalewi?

Ebenyo hajambo. Ameezeka chumba cha pili kwa mabati, na Jumapili alikwenda kanisani na shati jeupe, akakaa mbele. Zamani alikuwa akikaa nje, karibu na baiskeli.

Akuwam


Kakuma
26 Aprili 2023

Akuwam,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeisoma kama muuza dawa. Mnavuka mara ngapi na hao akina mama, hata vidonge kumi viishe kwa wiki tano? Na mtu anayekwenda kuimba anauliza habari ya kumeza kila siku?

Nakujibu yote. Nusu hupunguza usingizi, haiuondoi. Kahawa hukudanganya tu kwamba umeamka. Kuzoea, wapo wanaozoea na wapo wasiozoea, na huwezi kujua wewe ni yupi mpaka uwe umeshasinzia. Anayesafiri kila siku, heri asafiri bila dawa. Siku tatu nne za mateso, kisha kichwa kinakubali chenyewe.

Wanaoshika injini kwa kawaida hawalewi sana, kwa kuwa macho yao huliona wimbi kabla mwili haujarushwa. Lakini hakosekani anayelewa. Huyo asikiguse kidonge hiki. Usingizi wa abiria ni wake peke yake, usingizi wa nahodha ni wa watu wote waliomo. Aende kwa mkubwa wake aseme. Apewe kazi nyingine, au apewe siku za kuzoea, na mtu mwingine kando yake.

Akuwam, vidonge hivi anameza nani?

Nakutumia vinne, na tangawizi ya unga, na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Nijibu hilo swali kabla hujaomba vingine.

Nyakuoth


Lodwar
3 Mei 2023

Nyakuoth,

Umeniuliza kama polisi.

Nameza mimi. Viwili nilimpa mke wa mchungaji, kwa hilo nisamehe. Ya kila siku niliuliza kwa sababu juma la Pasaka tulivuka kila siku. Naapa kwa watoto wangu wawili. Kama huniamini mimi uliyelala nami kitanda kimoja bwenini, ukinifunika shuka lako nikiwa na malaria, basi utamwamini nani?

Upepo wa msimu umeanza. Asubuhi ziwa linachemka kama sufuria. Nakuomba, nitumie ishirini, kisha sitakusumbua tena.

Akuwam


Kakuma
10 Mei 2023

Akuwam,

Umeapa kwa watoto. Kwetu hilo si neno la kuchezea, na najua hata kwenu.

Vidonge ishirini hivi. Sijatulia, lakini nimeviweka kwenye bahasha kwa mkono wangu mwenyewe. Kimoja, saa moja kabla.

Wasalimie watoto.

Nyakuoth


Kakuma
24 Juni 2023

Kwa Akuwam,

Jana walikuja watu wawili wa polisi kutoka Lodwar. Hivyo ndivyo nilivyopata habari.

"Nyakuoth ndiye huyu?" wakauliza. Reuben akasema ndiye, akasogea pembeni kama mtu anayekwepa maji machafu.

Mmoja alitoa mfuko wa plastiki wenye bahasha ndani. Ilikuwa imelowa ikakauka, muhuri wa duka umesambaa wote, lakini mwandiko ni wangu. Akuwam. Kimoja. Akasema imetolewa katika mfuko wa jaketi la mumeo. Akanieleza polepole, kama anayemsomea mtoto, kwamba asubuhi ya tarehe kumi na nne boti la Ebenyo lilikuwa likirudi Longech, mawimbi yakalipiga ubavuni, likapinduka. Wanne walishikilia boti mpaka wavuvi wakawafikia, mumeo akiwa mmoja wao. Wa tano ni muuguzi, Namuria Emuron. Huyo walimpata siku ya pili, kwenye matete.

Akasema mmoja wa walionusurika aliona kichwa cha nahodha kimeangukia kifuani, mkono bado uko kwenye injini. Alimwita jina lake. Alimwita tena. Ndipo boti likageuka lenyewe likalipa wimbi ubavu.

Nikamwambia, "Dawa ile nilimpa rafiki yangu. Ni mwalimu. Ni abiria."

Akafungua daftari lake. "Rafiki yako ameandikisha kwamba alikueleza ni za mume wake, na kwamba mume wake ni nahodha. Wewe ukamwambia hazina neno."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Reuben hakungoja hata waondoke. Alinifukuza mbele yao, akasema hakujua kwamba nauza dawa bila leseni, yeye aliyenipa ufunguo wa kabati siku ya kwanza. Nilivua koti jeupe nikaliweka juu ya meza. Mama mmoja alikuwa amesimama pale na mtoto mwenye homa, akaniuliza sasa nani atamhudumia.

Mimi ni mkimbizi, Akuwam. Wewe ukikosa kazi unarudi kwenu Lopur. Mimi nikishtakiwa, faili yangu inasimama, na ya mama, na ya wadogo zangu. Miaka kumi na miwili tunangoja kuitwa.

Barua zako ninazo. Sikuwaonyesha. Sijui kwa nini. Labda nataka kwanza unieleze wewe mwenyewe.

Nyakuoth


Lodwar
1 Julai 2023

Nyakuoth,

Zichome. Kabla hujasoma mstari wa pili, chukua barua zangu zote uzichome, kisha urudi usome.

Vilikuwa vya Ebenyo. Tangu siku ya kwanza vilikuwa vya Ebenyo. Wiki yake ya kwanza kazini alirudi nyumbani macho yameingia ndani, akaniambia ametapika mbele ya wauguzi akasingizia chakula kibovu. Akaniapisha. Akasema, "Wakijua wataniondoa. Na mimi kule ukutani sirudi." Wewe hukumwona alivyokuwa ule mwaka. Mimi nilimwona. Kuna asubuhi nilikwenda kufundisha nimebeba kamba zote za nyumba ndani ya mkoba wangu.

Akina mama wa kanisa hatujawahi kuvuka. Mimi sijawahi kupanda boti maishani mwangu.

Barua yako ya Aprili niliisoma nimesimama hapo hapo dereva alipoegesha lori. Neno lako la usingizi wa nahodha nililisoma. Sikumsomea. Nilimsomea habari za tangawizi na za kutazama mlima. Nilijiambia, ni watu wangapi husinzia kidogo kazini na hakuna kinachotokea. Juzi, alipoachiliwa na polisi, amenieleza kwamba tarehe kumi na nne upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote, akameza viwili.

Polisi walipokuja niliona mlango mmoja tu. Kama mtaalamu alisema hazina neno, basi Ebenyo ni mgonjwa aliyefuata ushauri, si mzembe. Maneno yalinitoka kabla sijayafikiri. Halafu nikafikiri, na sikuyarudisha. Nilisema moyoni kwamba wewe uko kambini, una mashirika ya kukutetea, watakuuliza maswali mawili wakuache. Sisi hatuna mtu.

Najua nilivyokufanyia. Lakini yaliyopita hayawezi kubadilika, na Namuria hatarudi hata ukiwaonyesha. Watoto wangu bado wana baba. Bila barua zile litabaki neno langu na neno lako. Zichome, dada. Nakuangukia miguuni.

Akuwam


Kakuma
19 Julai 2023

Akuwam,

Kuna mtu amekuja kunitazama.

Nilikuwa nafua nguo mlangoni. Mama mrefu, mwembamba, amejifunga shuka, shingo haina ushanga hata mmoja, kama mtu aliyefiwa. Aliuliza kwa majirani mpaka akafika.

"Wewe ndio ile ya dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi mama ya Namuria. Natoka Kalemng'orok. Nimekuja kuona wewe."

Nikampa jerikeni akalikalia, akaniona. Alinitazama tu, mikono yangu yenye povu, miguu yangu, nyumba yetu ya udongo. Mama yangu alimletea maji, akayapokea akayaweka chini. Kisha akasema:

"Watu iko nasema wewe ulijua. Ulijua ile mtu anaendesha boti?"

"Sikujua, mama. Nilishuku."

"Kushuku ni nini?"

Sikupata neno rahisi zaidi. Nikamwambia, "Ni kujua kidogo, halafu unanyamaza."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nadhani aliniheshimu kidogo kwa hilo, au labda nataka tu iwe hivyo. Ukweli ndio huo, Akuwam. Nilikuuliza anameza nani, na nilikuwa na jibu. Ukaapa, na mimi nikafurahi umeapa, maana kiapo chako kilinipa ruhusa ya kutofikiri zaidi. Vidonge vile vinne, halafu vile ishirini, hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha.

Nikaingia ndani nikatoa barua zako. Hasomi. Akasema, "Soma."

Nikamsomea zote, kuanzia ya Machi. Zangu sina, unazo wewe, lakini nazikumbuka, nikamwambia kila neno mahali pake. Nilipofika pale nilipokwambia ujikunyate ulale, si wewe unayeendesha, nilikomea hapo. Hakunibembeleza wala hakunihimiza, alingoja tu mpaka nikaendelea. Ile ya mwisho, ya kuchoma, nilimsomea pia.

Nilipomaliza aliuliza swali moja. "Huyu Akuwam iko na mtoto?"

"Wawili."

"Na aliapa na hao?"

"Ndiyo, mama."

Akazikunja barua, akazifunga kwenye pembe ya shuka lake. Hakuniomba ruhusa na mimi sikumzuia. Kama unaogopa kwamba amezipeleka polisi, hapana. Alisema anakuletea wewe. Nadhani atakuwa amefika kabla ya barua hii.

Nyakuoth


Lodwar
2 Agosti 2023

Nyakuoth,

Alifika Ijumaa, tarehe ishirini na moja. Watoto walikuwa wanakula. Alisimama uani, nikamwambia karibu, hakukaribia. Alifungua shuka lake akanikabidhi barua zangu mkononi.

"Hizi ni yako," akasema. "Peleka wewe mwenyewe."

Nilisema, "Mama, pole. Pole sana kwa..."

"Mimi sikukuja kuchukua pole."

Akawatazama watoto, mmoja kisha wa pili, muda wa kuwajua. Akageuka akaenda. Nilimwona akitembea mpaka kwenye barabara ya lami, hakutazama nyuma.

Jiko lilikuwa linawaka, Nyakuoth. Sitakudanganya tena: nilizishika juu ya moto mpaka pembe moja ikawa kahawia. Siku nne zilikaa chini ya godoro. Siku ya tano mkubwa wa watoto aliniuliza yule mama alileta nini, nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Risiti za kanisa." Upesi hivyo. Bila hata kufikiri. Nikajiogopa. Nikavaa viatu nikazipeleka, na zako nikazipeleka pamoja nazo.

Nimeandikisha maelezo upya. Ulisema nini, lini, na mimi nilificha nini. Jina lako limetoka. Langu limeingia, nitashtakiwa kwa maelezo ya uongo, na shuleni nimeambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Ebenyo wamemrudisha ndani. Nilipokwenda kumweleza hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo umechagua?" Nikamwambia sikuchagua. Akasema, "Umechagua." Tangu hapo anakataa kutoka kuonana nami. Wiki iliyofuata ndugu zake walikuja wakawachukua watoto wakawapeleka Lopur. Mama mkwe alisema hawezi kuwaacha na mtu aliyemuuza baba yao.

Sasa mimi ndiye ninayetazama ukuta.

Najua Reuben atakurudisha kazini, maana hana mwingine anayejua kazi kama wewe. Namshukuru Mungu kwa hilo. Nisamehe, dada. Sina neno lingine la kuandika.

Akuwam


Kakuma
30 Septemba 2023

Akuwam,

Ni kweli jina langu limetoka. Nilipewa karatasi yenye mistari miwili.

Reuben alinifuata hadi nyumbani akaniambia nirudi kesho yake. Nikamuuliza kama atakwenda kuwaambia wale watu wawili kwamba alijua tangu mwanzo sina leseni. Alicheka kama nimetania. Sikurudi. Ninakaanga mandazi na mama, tunauza asubuhi karibu na shule. Watu wa mtaa bado wananijia na homa zao na kuhara kwa watoto wao. Nawaambia waende zahanati. Hata maji ya chumvi na sukari siwachanganyii, nawaambia wakaulize. Nilijifunza kazi ile miaka mitatu, na sasa mtu akinionyesha kidonge mikono inatafuta mahali pa kujificha.

Niliomba kibali cha kutoka kambini, wakanipa siku tatu. Kwenye sababu ya safari niliandika "matanga". Nikaenda Kalemng'orok.

Mama yake Namuria hakushangaa kuniona. Alinionyesha kaburi, mawe yamepangwa vizuri. Tulikaa, na siku ya pili aliniambia jambo ambalo halimo katika maelezo ya mtu yeyote.

Namuria naye ziwa lilimlevya. Tangu safari yake ya kwanza.

"Akirudi nyumbani hakuli siku mzima," mama akasema. "Analala chini, anashika mchanga na mkono, anasema mama, dunia inatembea. Mimi nikamwambia, sema kwa kazi. Akasema wataona msichana ya Kalemng'orok haiwezi maji, wataleta mwingine."

Hakumeza dawa yoyote. Alikuwa muuguzi, alijua zina usingizi, na alitaka awe macho ili asome kipimo cha baridi cha makasha ya chanjo kila saa. Alibeba mifuko midogo ya karatasi ndani ya blauzi. Alikuwa akisubiri wengine watazame upande wa pili, anatapika humo, anakunja, anajifuta, anarudi kwenye daftari lake. Miezi mitano mama yake alikuwa akimwoshea blauzi hizo, na kazini hakuna aliyejua.

Kati yake na Ebenyo, kwenye boti lile, ulikuwa urefu wa mikono miwili. Yeye alijua jinsi mtu anavyoweza kuvumilia bila dawa. Alijua kidonge gani nahodha asimeze. Ebenyo angemwambia neno moja tu, Namuria angemjibu, "Hata mimi." Na yeye angesema neno moja tu, Ebenyo angejibu vivyo hivyo. Waliketi hivyo miezi mitatu na zaidi, kila mmoja anameza mate yake na kumtabasamia mwenzake.

Nilimuuliza mama kama ananichukia. Akasema amechoka, nimuulize mwaka ujao.

Kuhusu msamaha uliouomba. Nimeutafuta ndani yangu, kwa haki kabisa, nimetafuta hata kule tulikolala kitanda kimoja, sikuuona. Labda upo. Lakini kwenye karatasi sitakupa, wala usiniandikie tena. Ukiutaka njoo Kakuma, usimame mlangoni kwangu, uuombe ukinitazama usoni. Sijui nitakujibu nini. Mama yake Namuria alikuja, na yeye hakuwa na kosa.

Nyakuoth